Mbuzi Aliyeliwa kwa Kahiga

Njombe, 11 Februari 2025

Mpwa wangu Wakonyo,

Leo ni tarehe kumi na moja Februari. Tarehe kama hii mwaka wa 1984 nilivuka mpaka pale Namanga, miezi michache baada ya mpaka kufunguliwa, kwa hiyo ninapokuandikia ninatimiza miaka arobaini na mmoja nje ya Nyeri. Nahesabu kwa sababu nilikuwa mwalimu wa historia. Hakuna aliyeniuliza.

Huku tu wazima. Viazi vimekubali mwaka huu. Njombe ina baridi ya kwetu; asubuhi ukungu hulala juu ya chai mpaka saa nne, na mtu akifumba macho anaweza kujidanganya kwamba ukungu ukiinuka atauona mlima wa kwetu. Goti linaniuma, na sikio la kulia limekufa kabisa. Ndiyo maana nashukuru unaandika badala ya kupiga simu, ingawa najua hukuanza kuandika kwa ajili ya sikio langu. Ulianza kwa sababu mumeo Theuri alikuwa anasoma kila kitu kilichomo kwenye simu yako.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara tatu. Naona mwandiko umebadilika. Zamani herufi zako zilisimama wima kama za mama yako, sasa zimelala. Sitauliza.

Umesema umefungua kesi ya talaka, na kwamba hakimu amekupa amri ya ulinzi ya muda: mumeo asikukaribie wewe, watoto, nyumba wala shule unayofundisha, mpaka mtakaposikilizwa mwezi wa nne. Nimeelewa. Lakini mimi ni mtu wa zamani, naogopa mambo ya nyumbani yakiingia kortini hayatoki tena. Theuri anawapandisha wageni mlimani, na watu wazima wanamkabidhi maisha yao. Pengine lipo neno ambalo bado linaweza kumfikia. Kwa upande wangu nimefanya kidogo nilichoweza. Usiniulize ni kipi.

Mbusu Watiri mdogo.

Mjomba wako,
Dishon Wamae


Naro Moru, 3 Machi 2025

Mjomba,

Salamu nyingi. Watoto hawajambo. Watiri ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kucheka. Anasema kwa kuwa ana jina la dada yako, basi wewe ni kaka yake, na kaka humletea dada zawadi. Jiandae.

Hukuuliza kuhusu mwandiko, lakini nitajibu. Mwezi wa kumi na moja Theuri alinivunja kidole cha shahada, mkono wa kulia. Alikikunja nyuma polepole huku akiniuliza namba ya siri ya simu. Hakupandisha sauti. Alikikunja kama mtu anayekaza fundo. Sasa chaki naishika kwa gumba na kidole cha kati, na watoto wa darasa la nne wanasema mwalimu anaandika kama wao.

Ni kweli watu wanamkabidhi maisha yao. Wageni hushuka kutoka kileleni wakilia kwa shukrani. Kamba aliyoifunga Theuri haijawahi kuachia. Nimekaa ndani ya fundo hilo miaka kumi na mitatu, usinifundishe.

Sikiliza jinsi amri ya korti inavyomfikia mtu. Niliipeleka kituoni ili polisi wamkabidhi. Askari wa zamu aliisoma, akaigeuza nyuma kama anayetafuta bei.

"Mama, si umpelekee wewe? Unajua mahali analala."

"Imeandikwa tusikaribiane."

"Ni yeye amekatazwa kukukaribia. Wewe hujakatazwa."

Wakacheka, yeye na mwenzake. Nilirudi siku tatu. Siku ya nne nilimkuta konstebo Ouko, mtu wa Siaya, mrefu, mwenye maneno machache. Aliniuliza nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, akasoma karatasi yote mpaka muhuri, akavaa kofia. "Nitampelekea mimi," akasema. "Na nitaandika saa." Akaandika: saa nane na dakika ishirini. Nimeikariri kama saa niliyojifungua.

Amri hii ndiyo kufuli la mlango wangu, Mjomba. Talaka inaweza kuchukua mwaka, hata miwili. Tarehe 29 Aprili hakimu ataamua kama kufuli litabaki. Wakili wangu, Beverlyne Naliaka, anasema jambo moja tu linaweza kuniangusha: ionekane kwamba nimerudiana naye kimyakimya. Sijarudiana. Sitarudiana.

Kaka yangu Kahiga ametualika kwake Karatina tarehe 22, kumwombea mama, miaka kumi tangu tumzike. Nitaenda.

Ni kipi hicho ulichokifanya?

Wakonyo


Njombe, 13 Machi 2025

Mpwa wangu,

Barua yako imefika leo, nayo hii naikimbiza kwa basi. Pole kwa kidole. Nimeliandika neno hilo na kulifuta mara mbili kwa udogo wake, kisha nikaliacha, kwa kuwa sina kubwa zaidi.

Jioni za mvua huwa natoa ramani ya zamani niliyokuwa nikifundishia. Shamba la baba pale Kiganjo nimelitia alama ya penseli, ekari moja na nusu ambayo iliandikwa jina langu. Nimekwishachora nyumba ya vyumba viwili, dirisha la mbele likiangalia mlima. Kila mwaka nahamisha mlango.

Mwambie Watiri zawadi ipo, ni kalamu.

Nenda kwa Kahiga. Ndugu ni ndugu. Kula chakula chake.

Mjomba wako,
Dishon


Naro Moru, 31 Machi 2025

Mjomba,

Watoto wako salama. Hizo ndizo salamu.

Nilipofika kwa Kahiga nilikuta moshi wa mbuzi anayechomwa na wazee sita wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nikauliza mbuzi ni wa nini kwenye maombi. Kahiga akasema, "Mama alikuwa anapenda nyama." Mama hakuonja nyama ya mbuzi miaka yake yote ya mwisho, ilimuumiza tumbo, na Kahiga ndiye aliyekuwa akimpikia uji. Hapo ningegeuka. Sikugeuka, kwa sababu ulikuwa umeniandikia nile chakula chake.

Akanikatia ini kwa mkono wake. "Kula, Wakonyo. Si ukule kwanza, maombi ni baadaye."

Nikala. Vipande viwili. Wazee wakapiga makofi, na Theuri akatoka chumbani kwa kaka yangu akiwa amevaa suti, ameshika sahani, akachukua kipande kutoka kwenye ini lile lile. Kijana mmoja akatupiga picha.

Mzee mmoja akasema, "Sasa imeisha. Bibi akishakula mbuzi ya bwana yake, hasira imeisha."

"Ni mbuzi ya nani?"

"Ya Theuri, basi. Aliileta jana na gari yake."

Wewe unaijua mila hii kuliko mimi. Mwanamume akimpiga mkewe, mke akakimbia, analeta mbuzi kwa wakwe, na mke akila ni kama ametia sahihi. Nilitema kilichobaki mdomoni, chini, mbele ya viatu vyao.

"Ati unatema mbele ya wazee?" Kahiga akasema. "Na vile hata Mjomba amekubali?"

Akatoa karatasi kwenye koti, akaisoma kwa sauti. Nilikuwa nimesimama karibu. Wino wa buluu, herufi zimesimama wima kama kwenye barua zako. "Mimi, niliye mdomo wa marehemu dada yangu Watiri, nakubali mbuzi aliwe na mtoto arudi kwake. Msimwambie mapema asije akakataa."

Kwa yale ya kwanza ningekuita mzee wa zamani. Kwa hilo la mwisho sina jina.

Nilimwambia Theuri, "Umevunja amri ya korti." Akatabasamu akawaangalia wazee. "Mnamsikia? Tumekula pamoja saa hii na bado ananipeleka korti. Nitafanya nini na huyu mwanamke?" Wakamhurumia. Mmoja alimshika bega.

Nilitembea mpaka barabarani. Nilimpigia Ouko, akaandika kila kitu, lakini alipofika Theuri alikuwa ameshaondoka na wazee walisema hawakumwona mtu yeyote. Wamekula mbuzi wake na hawakumwona.

Ni wewe uliyeandika? Najua ni wewe. Nataka uniandikie kwamba ni wewe.

Wakonyo


Naro Moru, 24 Aprili 2025

Mjomba,

Wiki tatu na nusu, kimya.

Wakili wa Theuri amepeleka kortini picha ile, mimi na ini mdomoni, pamoja na barua yako. Anaomba amri iondolewe kwa sababu jamii imeshapatana. Kesi imesogezwa mpaka tarehe 20 Mei.

Jumatano ya wiki ya kufunga shule Theuri alisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la shule, akila hindi la kuchoma. Alimpungia Watiri mkono. Nilipopiga simu kituoni niliambiwa, "Lakini si mliongea nyumbani, mama?" Habari ya mbuzi imefika hata huko. Mwalimu mkuu ameniomba nichukue likizo, nimekataa.

Wewe ni msomaji. Nitafutie kitabu kinachoeleza maana ya kuwa mdomo wa marehemu. Mama yangu akiwa hai mdomo wake ulikuwa wake, na hukuja kumuaga. Ulimkosa kaburini, ukampata kwenye barua ya kunirudisha mimi.

Naliaka anasema kiapo chako cha ukurasa mmoja kinaweza kuniokoa: kwamba uliandika bila kuniuliza na kwamba mimi sikujua. Ukurasa mmoja. Kwa Kahiga uliandika haraka. Mimi utaniandikia lini?

W.


Njombe, 5 Mei 2025

Wakonyo,

Ni mimi niliyeandika.

Nakuandikia bila habari za mvua. Kahiga aliniletea maneno mwezi wa kwanza kwamba Theuri anajuta, kwamba analia kanisani, kwamba wewe umeshikwa na hasira na wanasheria. Nilijibu siku ile ile. Ilinifurahisha kuulizwa. Mtu akikaa mbali miaka mingi hivi, halafu wazee wa kwao wakamwambia "bila neno lako hatuwezi," hujisikia bado ana kiti. Niliandika kwa ajili ya kiti. Huo ndio ukweli, nao ni mchafu.

Jambo baya zaidi ni hili. Barua yako ya Machi ilinifikia siku tisa kabla ya maombi. Nilisoma habari za kidole. Nilisoma tarehe 22 nikajua mbuzi ni wa siku hiyo. Nilichukua simu, nikaiweka mezani, nikakuandikia kuhusu ramani.

Sasa nikuambie jinsi mama yako alivyopoteza jicho. Mliambiwa ni kibanzi cha kuni. Nimekuwa nikijua mnaambiwa hivyo, nami nilinyamaza.

Agosti 1983 Watiri alikuja kwetu Kiganjo kwa miguu, Kahiga akiwa mgongoni, mdomo umevimba. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Baada ya siku nne baba yako alikuja na mbuzi. Wazee wakala. Watiri alikataa kula, na baba yangu akasema mimi niliyesoma nizungumze naye. Nilikaa naye jikoni. Sikumlazimisha, nilimweleza tu, kwa sauti nzuri, jinsi ninavyowaeleza wanafunzi. Akanisikiliza, akala kipande kimoja. Jioni nilimbebea mfuko mpaka kwa mumewe. Njiani aliniambia, "Dishon, usiende mbali." Nikamwambia siendi. Jumapili iliyofuata alipigwa kwa mwiko wa ugali, na jicho likaenda.

Februari nilivuka Namanga. Watu walidhani nimefuata kazi. Nilishindwa kumtazama usoni, kwa kuwa kila aliponigeukia alilazimika kugeuza kichwa chote. Sikuja kumzika kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo si kweli kwamba mimi ni mtu wa zamani asiyejua. Nilijua kuliko wote waliokaa kwenye viti vile vya Kahiga.

Kiapo kimo ndani ya bahasha hii, kurasa mbili, kimetiwa muhuri na wakili wa hapa. Nimeweka na ile sentensi ya mwisho, "msimwambie mapema," maana ndiyo inayothibitisha kwamba hukujua. Nimemwandikia Naliaka kwamba tarehe 20 nitakuwa ofisini kwa wakili huyo, mbele ya kompyuta, korti inisikilize kwa video. Waniulize chochote.

Siombi msamaha kwenye barua hii. Ungelazimika kunijibu.

Dishon


Naro Moru, 3 Juni 2025

Mjomba,

Sisi ni wazima. Kalamu ilifika ndani ya bahasha ile ile ya kiapo, na Watiri analala nayo.

Barua yako niliisoma chooni shuleni, mlango nimefunga. Nilipotoka nilifundisha hesabu za sehemu mpaka kengele ikalia. Halafu Jumapili nilikwenda Karatina nikamwambia Kahiga kwamba siku ile alikuwa mgongoni kwa mama. Akasema, "Si hata mimi nilifanya tu vile wazee walisema." Nikamwambia, naam, ndivyo Mjomba naye alivyofanya.

Tarehe 20 nilikuona kwa mara ya kwanza maishani. Una paji la uso la mama. Ulikuwa karibu mno na kamera, tukaona paji na miwani tu, mpaka hakimu akakuomba urudi nyuma kidogo.

Nataka kuyaandika maneno yale ili yakae mahali. Wakili wa Theuri alikuuliza, "Mzee, hujakanyaga Nyeri miaka arobaini na mmoja. Unajuaje mambo ya nyumba hii?"

Ukasema, "Rudia, sikio moja limekufa." Akarudia kwa kupiga kelele.

"Siyajui," ukasema. "Ndiyo maana barua ile haifai kitu. Iliandikwa na mtu asiyeyajua, kwa watu waliojua kwamba mpwa wangu mwenyewe hataulizwa."

"Lakini kwa mila yenu mjomba ndiye husema?"

"Husema. Nilisema mwaka wa 1983, dada yangu akapoteza jicho. Nimesema tena mwaka huu. Nadhani imetosha."

Watu walicheka nyuma. Hakimu hakucheka. Theuri alikuwa anaangalia viatu vyake, na mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hana mtu wa kumshika bega.

Uamuzi ulitoka Ijumaa. Amri imethibitishwa: asinikaribie mimi wala watoto wala shule, na akivunja tena atakamatwa. Ouko alimpelekea mwenyewe, akaandika saa. Kesi ya talaka bado, tutarudi Septemba.

Sasa hasira yangu, usidhani skrini imeimaliza. Umesema ukweli baada ya miaka arobaini na mmoja, nami nilihitaji siku tisa tu. Bado kidole kinaniuma asubuhi za baridi, na bado nikisikia moshi wa nyama natapika. Sijakusamehe. Sijui kama ni kitu kinachokuja chenyewe.

Kuna jambo jingine. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa Agosti nihame. Hataki gari la polisi kwenye ploti yake. Nina amri inayolinda mlango, na mlango wenyewe sina.

Na Kahiga anasema urudi. Anasema wazee wako tayari, yaishe, jamii ikae pamoja; amekwishanunua mbuzi, amemfunga nyuma ya jiko, anakusubiri wewe. Nami, pamoja na yote niliyosema, nimejikuta nataka uje. Jenga vile vyumba viwili. Watiri anataka kumwona kaka yake.

Wakonyo


Njombe, 27 Juni 2025

Mpwa wangu Wakonyo,

Baridi imeshika. Asubuhi majani ya viazi yamekuwa meusi kwa jalidi, lakini tulikwisha kuvuna. Goti ni lile lile. Nimefurahi kwamba Ouko aliandika saa. Nchi ingekuwa na watu watano wa namna hiyo kila kituo, sisi wazee tungekosa kazi, na ingekuwa heri.

Ndani ya bahasha hii utakuta ramani. Alama ya penseli ni ile ekari moja na nusu ya Kiganjo. Nimempa Naliaka hati ya uwakilishi ili aende mbele ya bodi ya ardhi kwa niaba yangu na shamba liandikwe jina lako. Jina lako peke yako: si la Kahiga, wala la mume huyu au mwingine. Wapo binamu watakaosema mtoto wa binti hapewi shamba la babu. Waambie waniandikie, nina wino. Anayelima pale sasa ataondoka baada ya kuvuna maharagwe, kabla ya mwenye nyumba wako kukutoa.

Michoro yangu ya nyumba itupe. Mimi niliweka dirisha likiangalia mlima, lakini mlima huo wewe unaujua kwa namna nyingine, na pengine utapenda kuupa mgongo. Anza na lango. Liwe la chuma, na ufunguo ukae kwako.

Shamba si malipo. Najua hakuna kiasi cha udongo kinachorudisha kidole, sembuse jicho. Nakupa kwa sababu kufuli linahitaji mlango, nami ndiye mwenye mlango.

Kuhusu mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko la Kahiga: nimemwandikia amfungue. Nikija, nitakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wale sita, nitakatiwa ini, na kabla sijameza mtu atasema sasa imeisha. Nawe utakuwa umesimama pembeni na sahani mkononi, wazee wakikutazama waone kama unatabasamu. Wataita hiyo amani. Hasira yako ni yako, nami sitakuwa sababu ya watu kuja kukudai uiweke chini. Ikae mpaka itakapotaka kuondoka. Isipotaka, isiondoke.

Mwambie Watiri kaka yake ni mzee wa goti moja na sikio moja, na kwamba atamwandikia kila mwezi mradi naye ajibu kwa kalamu ile. Herufi zisimame au zilale, yote ni sawa.

Nimeiondoa ramani ukutani, na pale ilipokuwa pamebaki mraba mweupe. Sitapaka rangi. Sitarudi Nyeri.

Dishon Wamae